Nane Zote Tatu

Kwenye kibao ukutani mwa kibanda changu cha ufundi, hapa Section 58, Nakuru, nimeandika kwa rangi nyekundu: JARIBU KABLA HUJAONDOKA. Mteja akija kuchukua simu au redio yake, simwachi aitie mfukoni hivi hivi. Piga simu kwanza, namwambia. Ongeza sauti. Zima, washa tena. Wengine hukasirika. "Boss, mimi nakuamini," mmoja aliniambia, "si wewe ndio fundi?" Nikamjibu kwamba imani aipeleke kanisani Jumapili, hapa tunajaribu. Nilikuwa najisikia sana nikisema hivyo.

Ninaanza na kibao hicho kwa sababu mke wangu ameshaapa kwamba nikisimulia habari hii bila kukitaja, atakitaja yeye.

Binti yetu ana sukari. Ndivyo tunavyosema huku, ana sukari, kana kwamba ni kitu amebeba mkobani. Iligunduliwa akiwa na miaka sita, na siku ninayoisimulia alikuwa ametimiza tisa. Mwili wake hautengenezi insulini, kwa hiyo sisi ndio tunaomtilia kwa sindano, kila anapokula na kila anapokwenda kulala. Insulini ikipungua, sukari inapanda na kumchosha. Ikizidi, sukari inashuka, na hiyo ya kushuka ndiyo inayotutia hofu, kwa maana haingoji kesho. Mtoto anaweza kuzimika mbele yako kabla chai haijapoa. Ndiyo maana kabla ya kila sindano tunamtoboa kidole, tunaweka tone la damu kwenye mashine ndogo inayoingia kiganjani, nayo inatoa namba. Kati ya nne na kumi, tunapumua. Chini ya nne ni sukari mdomoni mara moja, bila mjadala, na sindano haiguswi mpaka ipande.

Yeye mwenyewe alikuwa na kipimo chake. Sukari inapoanza kushuka husema, "Magoti yanacheka." Hakuna aliyemfundisha. Alitunga maneno hayo katika mwaka wake wa kwanza na ugonjwa, na mara nyingi magoti yake yalisema kabla mashine haijasema. Mama yake alikuwa akisikia neno hilo tu, mkono wake umeshaingia kwenye kopo la sukari. Mimi nilikuwa mtu wa kupima kwanza.

Muuguzi aliyetufundisha kutumia mashine, mama mmoja wa makamo asiyecheka ovyo, alitushikilia sana jambo moja. Mashine ile ikiwashwa, kabla ya kutoa namba yoyote, huonyesha nane tatu kubwa kwa muda wa kupepesa jicho, halafu zinafutika. Namba za kioo cha aina ile hujengwa kwa vijistari saba, na nane ndiyo namba pekee inayovitumia vyote. "Msiiamini mpaka muone nane zote tatu, nzima," alisema. "Kijistari kimoja kikifa, mtakiona hapo. Mkikosa kukiona hapo, kitawadanganya mbele." Binti yangu alilipenda jambo hilo na kwa miezi mingi alikuwa akizihesabu kwa sauti. Mimi nilitabasamu tu. Kunifundisha mimi habari za vioo vya namba! Tulipotoka nje nilimwambia mke wangu kwamba yule mama angeweza kuwa mteja wangu.

Mazoea yana taabu. Baada ya mwaka mmoja hakuna mtu nyumbani kwetu aliyetazama nane. Tuliwasha, tukatoboa, tukangoja namba.

Mashine iliharibika siku ya Ijumaa jioni. Iliachwa kwenye ukingo wa sinki, ikateleza, ikaingia kwenye karai la vyombo, na ilipotolewa kioo kilikuwa cheupe kama hakijawahi kuandika kitu. Dukani walikokuwa wakiuza za aina hiyo walisema zitaletwa wiki inayofuata. Za aina nyingine zilikuwepo, lakini stripi, zile karatasi ngumu zinazonyonya damu, za mashine moja haziingii kwenye nyingine, na sisi tulikuwa na chupa nzima ya stripi, haijafunguliwa.

"Nunua ingine," mke wangu alisema. "Hata kama ni ya aina ingine. Hizo stripi zikae."

"Mashine imeingia maji tu. Mimi ni fundi."

"Wewe ni fundi wa redio."

Angeniita mvivu ningenyamaza. Angeniita mlevi, na sinywi, ningecheka. Lakini fundi wa redio! Nilichukua mashine ile pamoja na mfuko wake wa zipu, nikaenda kibandani, nikawasha taa ya mezani.

Nilimwaga kila kitu mezani: kalamu ya kutobolea, stripi, kijitabu cha kuandikia namba, na ile pakiti ya glukosi ambayo mke wangu huiweka humo daima, ya kumpa mtoto sukari ikimshuka njiani. Nikafungua kifuniko. Kioo cha mashine kama ile hakichomelewi kwa waya. Kimekalia kipande cha mpira laini, na mgandamizo wa skrubu nne ndio unaofanya umeme upite kutoka kwenye bodi, upitie mpira, ufike kwenye kioo. Nilisafisha kwa spiriti, nikakausha kwa upepo wa moto, taratibu, nikarudisha mpira mahali pake. Kazi safi. Wakati wa kufunga, skrubu moja, ndogo kuliko punje ya wimbi, iliniponyoka ikaanguka sakafuni. Niliitafuta kwa sumaku. Niliitafuta kwa magoti na mikono. Mafundi tuna mzaha wetu: skrubu iliyobaki haikuwa na kazi. Nikafunga kwa tatu, na kona ile ya nne nikaizungushia selotepu.

Nikaiwasha. Ikawaka. Nikajitoboa mwenyewe, ikanipa tano nukta kitu, nami nikacheka peke yangu. Nane tatu lazima zilipita, kwa sababu hupita kila mara, lakini sikuziona. Nilikuwa nimeinama kutafuta kizibo cha spiriti. Nilirudisha vitu kwenye mfuko, nikafunga zipu, nikaenda kumwonyesha mke wangu. Pakiti ya glukosi ilibaki mezani, chini ya kitambaa ninachofutia mikono.

"Haya, fundi," mke wangu alisema. Akaiwasha, akaizima, akanirudishia. Kesho yake alikuwa na zamu ya mchana kiwandani, alikuwa amechoka.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yangu kumpeleka mtoto Dundori kwa mama mkwe, ambaye alikuwa amevuna viazi na alikuwa akimwulizia mjukuu wake kila siku kwa simu. Tulikwenda kwa pikipiki yangu. Asubuhi alikunywa uji, akadungwa sindano yake ya kawaida, akavaa sweta mbili na koti. Mashine niliitia kwenye mfuko wa nje wa jaketi. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi inayoingia kwenye mifupa, na tulipozidi kupanda nilihisi mikono yake kiunoni pangu ikilegea, ikikaza, ikilegea tena. Nilimpigia kelele asilale. Alisema halali.

Tulipofika alishuka, akasimama, akashika kiti cha pikipiki.

"Baba, magoti yanacheka."

"Ngoja nipime."

Nilimtoboa pale pale uani. Vidole vyake vilikuwa baridi, damu ilitoka kwa kubembelezwa. Namba ikaja: saba nukta nne. Saba nzuri, yenye kichwa na mguu. Nilimwonyesha.

"Uko saba. Hiyo ni baridi ya pikipiki."

Alitazama mashine, akanitazama mimi. "Lakini yanacheka."

"Mashine imesema saba," nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kibandani. "Hata mimi natetemeka. Mimi nina sukari?"

Hakubishana. Alikwenda jikoni kwa nyanya yake, ambaye yeye humwita shosho.

Lazima niseme kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Babu yangu alitoka magharibi akaja Nakuru na kazi ya reli, na ingawa sisi tumezaliwa mjini, heshima ya mkwe hatukuiacha njiani. Mkwe wa kiume hazoeani na mama wa mke wake. Haingii jikoni kwake. Chumbani kwake ndiyo kabisa, heri kuingia kwenye zizi la fahali. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa huku milimani, huona mambo haya yetu ni kichekesho, na kwa miaka yote ameniambia, "Ingia, baba, moshi haiumi." Mimi hukaa sebuleni kwenye kiti kile kile, karibu na mlango, nikisubiri kuletewa.

Nilikaa hapo. Kutoka jikoni nilisikia sauti yake: "Baba, chakula iko tayari! Tunapakua sasa hivi!"

Sindano ya chakula hudungwa chakula kikiwa kinakuja. Nilimwita binti yangu, nikamdunga tumboni, kipimo chake chote cha mchana. Alinishikia sweta yake juu kwa mikono miwili. Nakumbuka alikuwa akitazama ukutani.

Mtu aliyeoa huku angepaswa kujua kwamba "chakula iko tayari" ni neno la ukarimu. Maana yake ni kwamba usiondoke. Kuku niliyechinjiwa alikuwa bado anadai kuni. Nilingoja, nikatazama kalenda ya kanisa, nikatazama picha ya arusi yetu. Muda ulizidi kwenda, nami nikaanza kukasirika kimoyomoyo, lakini utamharakishaje mama mkwe? Na saba ni namba ya kutosha kungojea. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya.

Mwishowe alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani, akaleta kuku kwenye bakuli la maua, akaleta chai. Akaketi. Goti lake moja ni bovu, kuketi kwake ni safari. Mtoto alikuwa pembeni yangu kwenye kochi, ameegemea mkono wangu. Nikanyoosha mkono nimpakulie.

"Wacha kwanza tuombe," mama mkwe alisema, akafumba macho.

Mama mkwe haombei chakula peke yake. Aliomba kwa Kiswahili, kwa ajili yangu, na alianza na mvua. Akaja kwa ng'ombe aliyekataa kushika mimba. Akawataja watoto wake mmoja mmoja, na yule aliye ng'ambo akamtaja mara mbili. Nilihisi kuvutwa mkono wa sweta.

"Baba," binti yangu alinong'ona. "Yanacheka sana."

"Nyamaza, tunaomba," nikanong'ona. "Nimekupima. Uko saba."

Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, kwa sababu nimejaribu kuyakumbuka yakiwa mazuri zaidi na hayakubali.

"Na huyu mtoto, Bwana," mama mkwe alikuwa akisema, "umwondolee hii sukari. Uiondoe yote, kutoka utosi hadi ukucha."

Kijiko kilianguka sakafuni.

Nilifumbua macho. Binti yangu alikuwa ameteleza upande, shavu lake liko kwenye mkono wa kochi, na katika baridi ile jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo na kwenye paji. Nilimwita kwa jina. Alifungua macho, akanitazama kama mtu asiyenijua, akasema, "Mwalimu, sijamaliza." Nikamwinua. Shingo haikuwa na nguvu.

Mama yake angekwenda kwenye sukari. Mtu yeyote asiye fundi angekwenda kwenye sukari. Mimi nilitoa mashine.

Nikaharibu stripi ya kwanza, ya pili ikanyonya. Kioo kikahesabu. Kisha, mahali ambapo namba ilipaswa kukaa, kulikuwa na kitu ambacho si namba. Nyuma ya nukta kulikuwa na tano, safi kabisa. Mbele ya nukta kulikuwa na mistari mitatu isiyogusana vizuri, kama maandishi ya mtoto wa chekechea. Nilikitazama kitu kile. Nikaizima. Nikaiwasha. Zikaja nane.

Nane ya kwanza nzima. Nane ya mwisho nzima. Nane ya katikati haikuwa na mkanda wala kitako. Kijistari cha kati na kijistari cha chini vilikuwa vimekufa, kwa sababu kona moja haikuwa na skrubu, na baridi ya safari ilikuwa imekaza ule mpira ukaachia. Ukiivua mbili mkanda na kitako inabaki takataka ile niliyoiona. Na ukiivua tatu mkanda na kitako, inabaki saba. Saba nzuri, yenye kichwa na mguu.

Alikuwa tatu tuliposhuka kwenye pikipiki. Alikuwa tatu aliponiambia. Nilimdunga insulini akiwa tatu, na sasa alikuwa mbili na anazidi kushuka.

"Sukari!" nilipiga kelele. Nilifungua zipu ya mfuko wa mashine, nikapapasa pakiti ya glukosi, nikapapasa tena, na nikaiona akilini pale ilipo, chini ya kitambaa, Section 58. "Mama, lete sukari! Haraka!"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwa kushika meza. "Sukari? Kwa huyu mtoto? Hapana, baba."

"Imeshuka!"

"Si ni sukari ndio ugonjwa wake? Mimi nimefungia yote tangu jana, ndio asione. Hata hii chai sikutia."

Na ni kweli, chai ilikuwa haina kitu. Alikuwa ameiondoa sukari yote nyumbani kwa mapenzi, vile unavyomfungia mlevi pombe. Na nani wa kumlaumu? Miaka mitatu tulikuwa tunamwambia mtoto ana sukari, mtoto ana sukari, na siku moja hatukukaa chini kumweleza kwamba inayomwua upesi ni ile isiyokuwepo.

"Mama," nikamwambia, "nimekosea mimi. Nimemdunga na alikuwa chini. Asipopata sukari sasa, tunampoteza hapa kwako."

Sijui ni neno lipi lililomshika. Alimtazama mtoto, hakunitazama mimi, akafungua fundo la kilemba chake akatoa ufunguo mdogo. "Sanduku," alisema. "Chini ya kitanda." Akapiga hatua moja, na goti lake likakataa, akaketi kwenye kochi.

Nilimweka mtoto mikononi mwake, nikachukua ufunguo, nikaingia chumbani kwa mama mkwe. Sikuhisi kitu chochote wakati ule. Baadaye ndipo nilipokumbuka kitanda chenye shuka la kijani, gauni la kulalia kwenye msumari, harufu ya mafuta ya kuchua. Nililala kifudifudi, nikavuta sanduku, kufuli likanisumbua, mimi ninayefungua kufuli za watu kila siku. Ndani, juu ya vitenge na vyeti vya shamba, kulikuwa na mfuko wa sukari wa kilo mbili, umekunjwa mdomo vizuri.

Nilipiga magoti mbele ya kochi. Nililowesha vidole kwa chai, nikavichovya kwenye sukari, nikaipaka ndani ya shavu lake, upande wa chini, nikisugua ufizi. Mara nyingine. Mara nyingine. Mama mkwe alikuwa amekishika kichwa chake akisema, "Meza, mama. Meza, mama yangu." Mdomo wake ulikuwa umelegea na sukari ilikuwa inatoka na mate, nami naifuta na kuirudisha. Sikuwa na namba yoyote. Katika miaka mitatu sikuwahi kukaa na mtoto wangu bila namba, na sasa nilikuwa na uso wake tu, na nikagundua kwamba uso wa mtoto wangu siujui kuusoma. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika maisha yangu.

Mukimo ulikuwa unapoa mezani. Jogoo aliwika nje, mtu akapita barabarani na punda na mitungi. Nilikuwa naendelea kupaka.

Kwanza alilamba mdomo. Ulimi ulitoka, ukagusa punje zilizokuwa pembeni, ukarudi. Halafu koo likameza lenyewe. Tukampa chai, kijiko kwa kijiko, sasa ikiwa na sukari nyingi mno, na alipomaliza nusu kikombe alifungua macho yakakaa wazi. Alinitazama kidogo, akageuka.

"Shosho," alisema, "nataka maji."

Nilitoka nje nikaegemea pikipiki nikalia. Ni kawaida mwanamume kusema kwamba moshi wa jiko ulimwingia machoni, lakini jiko lilikuwa upande wa pili wa nyumba.

Alipokula na kupata nguvu, nilimfunga mgongoni pangu kwa shuka kama mtoto mchanga, nikampeleka zahanati ya karibu. Mashine yao ilisema tano nukta tisa, na nusu saa baadaye sita nukta tano. Daktari, msichana mdogo mwenye maneno machache, alichukua mashine yetu, akaigeuza, akaona selotepu.

"Hii ilifunguliwa na fundi gani?"

Nilikuwa natafuta jinsi ya kujibu. Binti yangu alinitangulia.

"Ni baba."

"Kumbe baba yako ni fundi?"

"Ni fundi wa redio," alisema.

Daktari alituweka pale mpaka nguvu ya sindano ilipokwisha, akatupa mashine ya kuazima, na kabla hatujaondoka akamwambia mtoto aiwashe mwenyewe. Nane tatu. Alizihesabu kwa sauti, kama zamani.

Nilimweleza mke wangu kila kitu, pamoja na sehemu ya "nyamaza, tunaomba". Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani kwa mtoto akakaa humo muda mrefu. Siku ya Jumatano alipita kibandani, akasimama mbele ya kibao changu akakisoma chote, polepole, midomo ikienda, halafu akaendelea na safari yake sokoni. Mganga hajigangi, wazee walisema, na wangeongeza kwamba akijiganga wahurumiwe watoto wake.

Lakini si mke wangu aliyenitesa. Binti yangu aliacha kuniambia. Hakununa, alicheka nami, aliniomba nimsaidie hesabu, alikaa kibandani akichezea spika mbovu. Ila magoti hakuyataja tena mbele yangu. Alikuwa akimwambia mama yake. Akimkosa, alimpigia shosho simu, Dundori, na shosho, ambaye sasa ana kopo la sukari kila chumba, ndiye aliyekuwa akinipigia mimi: "Baba, hebu angalia mtoto, magoti yanacheka." Yuko hatua tatu kutoka kwangu, nami naletewa habari zake kutoka mlimani. Nikimwuliza, "Unajisikiaje?" alikuwa ananipa kidole.

"Pima tu," alisema.

Hakuwa na hasira akisema hivyo. Alikuwa akinipa kitu ambacho alijua naamini. Majuto ni mjukuu, lakini mimi nilikuwa nayo mezani wakati wa chai, yana miaka tisa na yamevaa sare ya shule.

Hali hiyo ilikaa muhula mzima.

Asubuhi moja ya likizo tulikuwa wawili nyumbani. Mama yake alikuwa zamu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na redio ya jirani magotini, nimeifungua, skrubu zake zote saba nimezipanga kwenye kisahani. Alikuja akasimama mbele yangu. Mashine mpya ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wake, karibu na kiwiko changu.

"Baba," alisema. "Magoti yanacheka."

Redio ilianguka, na skrubu saba zikatawanyika kila mahali. Nilijikuta jikoni nimeshika kopo, nikatia vijiko vinne kwenye kikombe cha maji, nikakoroga kwa kidole kwa sababu kijiko kimenitoka, nikapiga magoti mbele yake nikamshika kisogo. "Kunywa. Yote. Usiongee." Alikunywa akinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Nilimtazama paji la uso, nikamtazama mdomo wa juu, nikamshika viganja. Pakavu. Viganja vina joto. Nikamtazama magoti. Yalikuwa yametulia kabisa, moja lina kovu la baiskeli.

Alimaliza, akafuta mdomo.

"Hayacheki," alisema.

"Hayacheki?"

"Nilikuwa naangalia kama nane zako ziko zote."

Kisha akapiga magoti sakafuni, akaanza kuniokotea skrubu, moja moja, akizihesabu. Mchana ule alipimwa akawa kumi na sita, na mama yake aliporudi akaisoma ile namba kwenye kijitabu, alinigombeza mpaka chakula kikaiva. Mimi nikaendelea kufunga redio ya jirani, skrubu zote saba.